Mama Alikuwa Bado Anahesabu

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zako zote, wewe mkubwa wetu, na natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na wifi na watoto. Vipi mgongo? Wifi aliniambia siku hizi unalala sakafuni kama mfungwa. Pole sana. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, anagombana na redio na anacheka peke yake, kama kawaida yake. Kitindamimba wetu naye hajambo, ila habari zake nitazileta mbele, maana zina mahali pake.

Najua ungependa nikupigie simu. Sipigi. Kwenye simu wewe una sauti kubwa na mimi nina hasira za karibu, tutaishia kukatiana. Barua haikatizwi. Utaisoma mpaka mwisho au utaichana, na nakujua tangu utotoni, huwezi kuchana kitu kabla hujajua kinaishaje.

Nimepata ujumbe wako kwamba Jumamosi utakuja na lori la ghalani na vijana wa kubeba, umchukue Mama akae kwako moja kwa moja, nyumba ifungwe na ufunguo apewe dalali. Umesema sote tumekubaliana. Sote ni nani? Mimi sikukubali. Kitindamimba alikujibu "sawa kaka", na wewe unajua kuwa huyo atakwambia sawa kaka hata ukimwambia jua ni la kijani. Mama, kwa maneno yako mwenyewe, aliulizwa na hakuelewa swali. Hapo ndipo penye ugomvi wetu.

Jibu langu ni hapana. Naliweka hapa juu ili usihangaike kulitafuta. Sitatia saini, sitafunga mzigo hata mmoja, na lori lako likija litageuza hapo hapo mlangoni lirudi na upepo wake. Umezoea kuamrisha makreti, kaka. Kreti likiambiwa liende rafu ya tatu linakwenda. Mama si kreti.

Sasa tuzitazame sababu zako, maana mimi sigombani na mtu bila kumsikiliza. Uliwaandikia ndugu wote kwamba Mama hayupo tena. Ndilo neno ulilotumia, hayupo, kama mtu aliyetoka kwenda dukani. Na ushahidi wako ni sufuria iliyoungua, jina ulilokosewa, na kimya.

Sufuria ni kweli iliungua. Mimi nimeunguza mbili mwaka huu nikiwa nasahihisha kurasa za gazeti, na hakuna aliyeniletea lori.

Jina pia ni kweli, alikuita kwa jina la Baba. Lakini jiulize ulikuwa umekaa wapi. Ulikaa kwenye kiti cha Baba, saa ile ile ambayo Baba alikuwa anarudi kazini, ukakohoa kile kikohozi chake ulichorithi pamoja na masikio. Macho ya Mama yana ukungu, unajua. Anamwona mtu kwa sauti na kwa mahali alipokaa. Sikatai kwamba anasahau. Anasahau siku, anasahau kama ameshatia chumvi, wiki iliyopita alitafuta kitambaa kilichokuwa begani mwake, na tulipomwonyesha alikisonya kile kitambaa. Anasahau kama watu wa umri wake wanavyosahau, na pengine kidogo zaidi. Sitakudanganya ili nishinde.

Tatizo ni hicho kimya. Hicho ndicho ulichokitumia kumfuta mtu, na hicho ndicho ambacho hukukijua hata kidogo, kwa sababu hujakaa naye jioni nzima tangu tumzike Baba.

Unakumbuka sataranji yake? Unapaswa kukumbuka, maana wewe ndiye uliyemtumbukiza askofu mweusi chooni ulipokuwa darasa la pili, na mpaka leo mahali pake pamesimama kizibo cha chupa. Alifundishwa na fundi wa mitambo kule kwenye ofisi ya simu, enzi zile alipokuwa opareta, anakaa na vipokea sauti masikioni akiwaunganisha watu waliokuwa wanatukanana kabla hata laini haijashika. Baba hakuupenda mchezo ule. Alisema ni vita vya watu wasio na nguvu za kulima. Kwa hiyo Mama alizoea kucheza peke yake, na mtu wa kucheza peke yake huishia kwenye mafumbo.

Siku hizi mafumbo hayo namletea mimi. Gazeti letu linachapa moja kila wiki, ukurasa wa mwisho, na mimi ndiye ninayeusahihisha ukurasa huo. Nikitoka kazini napitia kwake. Namsomea kila kete ilipo, yeye anaipachika kwa vidole kwenye ule ubao wa matundu tuliomchongeshea kwa seremala. Kete nyeusi amezifunga uzi shingoni ili azijue kwa kuzipapasa. Akimaliza kupanga anaupitisha mkono juu ya ubao wote mara moja, polepole, kama mtu anayekagua kichwa cha mtoto kama kina homa. Kisha anafumba macho.

Hapo ndipo ilipo sheria yake kubwa, na nakuomba uisome bila kuruka. Akishafumba macho, hakuna kugusa kete. Hakuna kusema "nimeona". Kwanza anazitafuta hatua zote zinazostahili kupimwa, zote, hata ile inayoonekana ya kijinga, hata ile isiyopendeza. Kila akipata moja anagonga meza kwa kidole. Anasema hatua ya kwanza kuiona ni ile inayojipitisha-pitisha mbele yako kama mtu anayetaka kusifiwa nguo, na ukiifuata hiyo kabla ya kuwaita wenzake, hutaziona tena nyingine. Kwa hiyo anagonga, ananyamaza, anagonga, ananyamaza. Akiwa na hakika hakuna iliyobaki, ndipo anaanza kuzifuata moja moja mpaka mwisho wake. Na katika kila moja anajiuliza adui atajibu nini. Jibu baya kuliko yote analitafuta yeye mwenyewe kwa niaba ya adui. Akikuta hatua imekufa, ameiacha, harudi kuichungulia tena. Anasema kurudia-rudia njia ile ile ni uoga uliovaa koti la umakini.

Hiyo yote ni kimya, kaka. Mtu akiingia na kumkuta hivyo, macho yamefungwa, kidole kinagonga meza kwa vipindi visivyoeleweka, atadhani bibi amepotelea zake.

Mimi mwenyewe sheria hiyo ilinipiga kofi. Kulikuwa na fumbo moja, weupe waanze washinde. Ngome nyeusi ilikuwa imekwama pembeni, imezibwa na askari wake, haina pa kukimbilia wala wa kuitetea, na malkia wetu anaitazama. Nilipiga kelele kwamba malkia aile. Mama hakufumbua macho. Aliniuliza tu kama nimemaliza kuhesabu au nimemaliza subira. Akaniambia niile basi, nione. Nikaila. Akachukua ngome ya pili ya weusi, akaishusha mpaka mstari wa nyuma kabisa, na mfalme wangu akafa pale pale, amefungiwa na askari wake mwenyewe kama mwizi aliyekwama dirishani. Nikauliza sasa jibu ni lipi. Jibu lilikuwa askari wa pembeni asogee nyumba moja. Askari mdogo, hali mtu, hatishi mtu, anamfungulia tu mfalme pa kupumulia. Ile ngome iliyokwama haiendi popote, italiwa baadaye kwa raha. Mama alicheka mpaka akakohoa. Alisema mimi ningekuwa fahali mzuri sana, bahati mbaya nimezaliwa na kichwa.

Na yeye pia anakosea, usidhani nakuletea malaika. Kosa lake ni moja na analijua. Akihesabu mbali sana, wakati mwingine malkia aliyekwishaondoka anabaki akilini mwake palepale alipokuwa, na Mama anaendelea kumkwepa malkia ambaye hayupo. Siku ile alipokuita kwa jina la Baba, baada ya wewe kuondoka, alijigundua. Alisema amemwacha mzee kwenye nyumba yake ya zamani. Alisema kwa masikitiko kidogo, kisha akaniambia niondoe kile kiti pale kwenye njia ya macho yake.

Kosa hilo hilo unalo wewe, tena kubwa zaidi. Wewe unahesabu na Mama wa siku ya mazishi. Yule aliyekuwa hali, haogi, anamwita marehemu kila mlango ukilia. Yule umemwacha kwenye ubao wako na umemhesabia mipango yote, lori, chumba, dalali. Mama huyo alishaondoka pale zamani, kaka. Fungua macho.

Sasa turudi siku uliyokuja. Mlimaliza kula. Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo, mlango uko wazi, naona kila kitu. Ulikaa kwenye kiti cha Baba, ukamuuliza Mama kama angependa kuja kuishi kwako. Uliuliza vizuri, nakupa haki yako, kwa upole kabisa. Mama akafumba macho. Nikasikia kidole kwenye meza. Nikasema moyoni, haya, swali limepokelewa. Nikafunga bomba ili maji yasimsumbue. Akanyamaza, akagonga tena, na tena, na tena. Akanyamaza.

Wewe ukatazama saa. Ukaita "Mama", kwa sauti ya mtu anayeita kisimani. Kisha ukafanya jambo ambalo sijalisahau na sitalisahau. Ulinyoosha mkono ukaupunga mbele ya uso wake, kushoto kulia, kushoto kulia, kama mtu anayepima kama kioo kina vumbi. Alikuwa amefumbua macho wakati huo. Macho yana ukungu, lakini mkono wa mwanawe ukipita karibu hivyo anauona. Kisha ukamgeukia Kitindamimba aliyekuwa mlangoni ukamwambia, bila hata kushusha sauti, kwamba ndiyo hivyo, hayupo. Simu yako ikalia, ukatoka uani kuzungumza habari za makontena.

Mtu aliyeunganisha simu za watu kwa miaka yote ile, akiwaambia kwa adabu wasubiri kwenye laini, mwanawe wa kwanza alimkatia simu kabla hajamaliza kuunganisha.

Na hili halinihusu mimi na wewe tu, ndiyo maana linanichoma. Siku hizi tunampima mtu kwa kasi ya ulimi wake. Anayejibu haraka ana akili, anayechelewa ameharibika. Kwenye mikutano yetu kazini anayenyoosha mkono wa kwanza ndiye anayesikilizwa, na nusu ya upuuzi tunaouchapa ulitoka kwenye mikono hiyo ya kwanza. Huko ghalani kwako unawasifu vijana kwa maamuzi ya papo hapo. Sawa, kwa makreti. Lakini mtu mzima akiulizwa swali kubwa kuliko yote ya uzee wake, yaani afie wapi, anajibuje papo hapo? Angekujibu haraka ningekuwa na wasiwasi naye mimi.

Utasema namtetea Mama kwa sababu napenda kukupinga. Uliniita Wakili tangu nikiwa na miaka sita, na si kosa. Basi nikwambie yaliyonipata. Gari lako lilipoondoka nilitoka jikoni na mikono ya povu, nikamwambia Mama kwa ukali kwamba hendi popote, kwamba mtu asimbabaishe, kwamba mimi nipo. Mama akaniambia nikae chini. Akaniambia aliyeulizwa ni yeye. Akasema amezaa watoto wawili wakubwa, mmoja anamvuta na mwingine anamshika, na wote wawili wamegusa kete kabla ya kuhesabu. Kisha akafumba macho akamalizia hesabu yake, na mimi nikasimama pale povu linanidondoka kwenye viatu.

Kwa hiyo hapana iliyo juu ya barua hii sasa ina kichwa. Siku ile ilikuwa na pembe tu.

Sasa nikueleze jambo ambalo hulijui, na ambalo Mama ameniruhusu kukueleza.

Alipomaliza aliniambia kila kidole kilikuwa nini. Abaki peke yake. Nihamie mimi. Aje kwako moja kwa moja. Hizo alizifuata zote na zote aliziona zinavyokufa, na sababu zake zilikuwa za mtu anayetufahamu kuliko tunavyopenda. Ya kwako ilikufa kwa sababu, alisema, katika mipango yetu yote anayesogezwa ni yeye tu, kama ubao mzima hauna kete nyingine. Kisha alikuwa na hatua moja ya mwisho, ile uliyoisikia akiigonga ukadhani ni kidole cha mgonjwa.

Mwenye nyumba ya Kitindamimba amemtaka ahame na wanawe. Hukujua. Mimi pia sikujua, kwa sababu mdogo wetu anasema sawa kaka, sawa dada, halafu anakwenda kulia bafuni. Mama alijua. Watoto walimwambia bibi yao bila kujua wamesema. Hesabu yake ilikuwa hii: aje kwako msimu wote wa baridi, akae na wajukuu wa huko, akusumbue wewe kidogo, na nyumba hii amwachie Kitindamimba. Hatua moja, watoto wake watatu wote wamepata nafasi. Mimi nipumzike kwenda na kurudi, wewe umpate mama yako, mdogo wetu apate paa.

Alikuwa anakuja kwako, kaka. Alikuwa anakubali. Kilichobaki ilikuwa ni kutafuta jibu lako, kama ungekubali nyumba isifungwe. Alikuwa ameshafumbua macho na mdomo akitaka kukuuliza hilo, ndipo ulipopunga mkono.

Akafunga mdomo. Aliniambia kwamba alikuwa anatafuta jibu lako kwa shida, na wewe ukampa mwenyewe. Mtu akipungiwa mkono usoni ndani ya nyumba yake mwenyewe, atakapokuwa ndani ya nyumba ya aliyempungia atafanyiwa nini? Hatua ile ikafa. Hakurudi kuichungulia.

Ulikwishashinda. Ilibaki kukaa kimya tu.

Kwa hiyo ujue utakachokikuta. Mama amemwita fundi akabadilisha kitasa cha mlango mkubwa, kazi aliyoisimamia mwenyewe kwa kupapasa kila skrubu, na ufunguo ameufunga uzi shingoni, kama kete zake nyeusi. Dalali alikuja kutazama, akapokelewa kwa adabu nje, akarudishwa kwa adabu nje. Kitindamimba amehamia na wanawe, wako kwenye chumba chako cha zamani. Vyeti vyako vya shule viko salama chini ya kitanda, ingawa cha hesabu kimechorwa kuku. Hii ndiyo hatua aliyoichagua Mama badala ya ile, na sote watatu tumesimama nayo. Ukileta lori, utalikuta jambo limekwisha na watu wazima wamekaa kizingitini.

Lakini Mama amesema nisikuandikie vita tu. Anasema ubao ukibadilika, mtu anahesabu upya, na wewe hujazuiwa kucheza. Njoo Jumamosi. Njoo kwa basi. Usikae kwenye kiti cha Baba, kaa kwenye stuli ile ya jikoni, karibu naye. Muulize tena, kisha nyamaza. Simu ikilia, iache ilie. Hakuahidi atajibu nini, wala mimi sijui, na nimejikanya kubashiri.

Msalimie sana wifi, mwambie hatuna neno naye, na chumba alichokipaka rangi kwa ajili ya Mama hakikupakwa bure, huenda kikapata mgeni bado. Wape watoto salamu zangu, na mgongo wako uukande kwa maji moto badala ya kuusukuma na maamuzi. Kitindamimba anakusalimu. Aliposikia naandika alitaka kusema sawa kaka, akajizuia, akasema tu nikusalimu.

Barua hii nimemsomea Mama yote kabla ya kuifunga. Nilipomaliza alifumba macho. Nikasubiri. Kidole kikagonga, kikatulia, kikagonga, chai yangu ikapoa na sikuigusa. Mwishowe akasema nisifute kitu, niongeze moja tu: uje na mto wako, kwa maana kitanda chako kina watu, na jibu lake huenda lisipatikane siku hiyo hiyo.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na asiyekuogopa,

Wakili